Mtandao wa Heshima

Kila asubuhi, kabla hata sijatundika mkoba wangu, nilikuwa naiuliza kanzidata ya taifa kama mimi ni hai. Mimi ni fundi wa mtandao, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kupima siku itakavyokuwa. Naandika jina langu, Sikudhani, nabonyeza, naenda jikoni kuweka birika, nasuuza vikombe vya wenzangu, kisha narudi. Siku njema nilikuta neno HAI limeshatokea. Siku mbaya nilikunywa chai yangu yote bila kujua hali yangu.

Jumatatu moja nilirudi na kikombe nikakuta kiduara kinazunguka kwenye skrini. Nikanywa chai. Nikamaliza. Nikaenda kuosha kikombe, nikarudi, kiduara kinazunguka. Ndipo nikasikia mtu anagonga kioo cha dirisha la wananchi kwa ukucha, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Hodi, mwanangu."

Alikuwa mzee mwembamba, shati lake limepigwa pasi vizuri ila vidole vina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Mkononi alishika mfuko wa plastiki.

"Karibu, baba."

"Naitwa Ngoda. Natengeneza baiskeli pale sokoni, nyuma ya mabucha. Nimekuja kuchukua kibali nimzike mke wangu. Alifariki jana hospitali."

Nilitaka kusema kitu, lakini kitu nilichotaka kusema kilikuwa kimepigwa marufuku. Nikamuomba aketi kwenye benchi.

*

Inabidi niwaeleze wasomaji wa nchi nyingine, maana nasikia kwenu mtu akifa anazikwa tu. Kwetu kuna utaratibu. Mtu haruhusiwi kuzikwa na ndugu zake mpaka kanzidata ithibitishe kwamba kabla ya kufa alikuwa hai. Serikali ilitunga sheria hiyo baada ya kugundua kwamba baadhi ya wananchi walikuwa wanakufa bila kufuata ngazi, na vifo vyao vilikuwa vinachafua takwimu za walio hai.

Vilevile tunao Waraka wa Lugha ya Matumaini. Chini ya waraka huo, mtumishi wa umma haruhusiwi kutamka maneno kama tatizo, kuchelewa na kuharibika awapo kazini. Neno "pole" lilifutwa kabisa. Ukimpa mtu pole, maana yake kuna jambo limempata, na nchini kwetu hakuna jambo linalompata mtu. Tena mtumishi akitaka kumpa mkubwa wake taarifa yoyote, lazima aanze na neno "hongera" na aimalizie taarifa nzima katika roho hiyo hiyo. Wizara ya Maji ilipokaukiwa mabomba, ilimpongeza Waziri kwa kuwaepusha wananchi na mafuriko. Waziri alifurahi sana, na mabomba yameendelea kuwa makavu.

Kwa hiyo nilipoandika jina la marehemu, Asumini binti Faraji, na kiduara kikaanza kuzunguka, nilimwambia Mzee Ngoda, "Mfumo unatafuta, baba."

"Unatafuta nini, mwanangu? Mke wangu yuko mochwari."

"Unatafuta kama alikuwa hai."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Alikuwa hai. Juzi kanigombeza kwa sababu ya sukari. Mimi naambiwa nisitumie sukari, nikaiba kijiko kimoja, akaonja chai yangu akajua."

"Nakuamini, baba. Lakini mimi si mfumo."

"Eeh. Kweli." Akaupakata mfuko wake. Ndani, alinionyesha baadaye, mlikuwa na khanga mbili mpya, sabuni, na kichupa cha mafuta ya asumini aliyoyapenda mkewe. "Ila naomba msinicheleweshe sana. Wameniambia pale mochwari kwamba Ijumaa mchana gari la manispaa linapita kuwachukua wasio na kibali. Wanawazika kule bondeni, kwa namba. Mimi nataka nimlaze karibu na binti yetu. Tulishaacha nafasi."

*

Wenzangu walisema mtandao ni mzito tu kama kawaida yake. Lakini nilikuwa nimesoma chuo miaka mingi kwa ada ya mama yangu, nikaona haya kukaa bila kufanya walichonifundisha. Nikatuma ujumbe mdogo wa kupima njia. Ni kitu rahisi: unatoka kwenye mashine yako, unakwenda mashine hadi mashine, na kila unapofika unarudisha salamu. Salamu zinapokoma, hapo ndipo njia imekatika.

Hapa lazima niwaeleze jinsi mtandao wetu ulivyojengwa, kwa sababu nasikia kwenu kompyuta zote zinakwenda kwenye seva moja kwa moja, kila moja kwa njia yake, kama watu wasiolelewa. Mtandao wetu ulibuniwa na Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dokta Mhandisi Kasembo, na unaitwa Mtandao wa Heshima. Alipewa nishani kwa ajili yake. Dokta Kasembo aliona si adabu mdogo kupata taarifa kabla ya mkubwa. Hivyo waya unaotoka kwangu haufiki kwenye seva. Unaingia kwenye kompyuta ya mkuu wangu wa kitengo, ukitoka hapo unaingia kwa Mkuu wa Idara, kisha kwa Naibu Mkurugenzi, kisha kwa Mkurugenzi Mkuu, na kutoka kwake peke yake ndipo unafika kwenye seva. Jibu nalo linashuka kwa ngazi hizo hizo, likiinamisha kichwa kila mlango.

Ndiyo maana siku za kawaida tulikuwa wazito. Kompyuta ya Mkuu wa Idara ilikuwa imejaa video za harusi tatu za watoto wake, na ya Naibu ilikuwa inacheza karata. Lakini zilikuwa zimewashwa, na swali la mwananchi lilikuwa linajipenyeza hivyo hivyo katikati ya maharusi na karata.

Jumatatu hiyo salamu zilirudi kutoka kwa mkuu wangu. Zikarudi kutoka kwa Mkuu wa Idara. Zikarudi kutoka kwa Naibu. Baada ya hapo, kimya.

Nikaenda kwa mkuu wangu wa kitengo, Bi Mwasiti, mama mnene mchangamfu ambaye amebakiza kidogo kustaafu na anasali asikosee mpaka siku hiyo.

"Bi Mwasiti, nimeona palipokatika. Ni kule juu."

"Juu wapi? Darini?"

"Kwa Mkurugenzi. Kompyuta yake imezimwa."

Akainuka akafunga mlango. "Si yuko safarini? Kaondoka jana. Akisafiri huwa anaizima, anaifunika kile kitambaa chake cha kufuma, anafunga ofisi, ufunguo anaondoka nao. Anaogopa watu wa kukaa kwenye kiti chake."

"Kwa hiyo nchi nzima imesimama mpaka arudi?"

"Sikudhani, mwanangu, hapo nchi haijasimama. Hapo inaongozwa."

"Amekwenda wapi?"

Bi Mwasiti akaniangalia kwa jicho la kunihurumia. "Kwenye Warsha ya Kimataifa ya Kuharakisha Mitandao."

*

Jumanne iliundwa Kamati ya Kupongeza Kasi Iliyopo, chini ya Naibu Mkurugenzi. Nilipewa kazi ya kugawa maji ya chupa. Kamati ilikaa asubuhi nzima. Mjumbe mmoja alisema seva inaona upweke. Mwingine alipendekeza ihamishiwe chumba chenye dirisha linalotazama bustani. Mwishowe Naibu alisimama, akakohoa kwenye kipaza sauti ingawa tulikuwa watu saba.

"Ndugu wajumbe! Tumechambua kitaalamu. Majina ya wananchi wetu ni marefu mno. Jina refu linapopita kwenye waya mwembamba, linakwama mabegani. Naagiza wananchi wajipunguze!"

Tukapiga makofi. Tangazo likabandikwa dirishani: kila mwombaji apunguze herufi za jina kwa hiari yake kabla ya saa nane.

Mzee Ngoda alilisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari.

"Nipunguze nini, mwanangu? Mwenyewe alikuwa mfupi."

Watu wawili kwenye foleni wakacheka, naye akacheka nao kidogo, kisha akaacha. Akasogea karibu na kioo.

"Binti Faraji ondoeni. Faraji mwenyewe alishakufa, hatakasirika. Asumini je, ni refu?"

"Si refu, baba."

"Kama ni refu andikeni A. Ilimradi nimpate."

Nikaandika A. Sikujua nifanye nini kingine mbele ya watu wote wale. Kiduara kikazunguka.

*

Jumatano Bi Mwasiti aliniingiza ofisini kwake tumpigie simu Dokta Kasembo. Akaiweka simu katikati ya meza, spika wazi, ili tusikie wote. Kwa mbali tulisikia muziki wa hoteli na vijiko.

"Hongera, Mheshimiwa!" alisema Bi Mwasiti.

"Asante, asante. Ya nini leo?"

"Ya... wananchi kuwa na subira kubwa, Mheshimiwa. Wamejaa hapa dirishani. Hawajawahi kuwa na subira kiasi hiki."

"Safi sana. Waambie waidumishe."

Bi Mwasiti akanisukumia simu kwa viganja kama anayesukuma sahani ya moto. Nilikuwa sijawahi kuzungumza na Mkurugenzi. Nilikuwa hata sijawahi kukaa naye kwenye lifti. Akiingia, mimi nashuka.

"Hongera, Mheshimiwa. Mimi ni Sikudhani, fundi wa mtandao."

"Eeh, binti. Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Maneno yalikuwa manne tu: kompyuta yako imezimwa, mheshimiwa. Nikafungua mdomo.

"Hongera kwa... kompyuta yako inavyopumzika vizuri. Imepumzika kabisa. Haijapumzika hivi muda mrefu."

Kisha akacheka, cheko la mtu aliyefurahishwa na mtoto.

"Umeona, Mwasiti? Huyu binti ana akili. Mashine nayo ni kama mtu, inataka likizo. Hilo nitalitaja kwenye mada yangu kesho. Nani vile? Sikujua?"

"Sikudhani, Mheshimiwa."

"Hongera, Sikujua." Akakata.

Bi Mwasiti aliinamisha uso wake kwenye kiganja. Nilidhani anacheka, maana mabega yalikuwa yanatikisika. Hakuwa anacheka. Alisema mama yake mzazi naye alisubirishwa mochwari masika nzima, kabla gari la manispaa halijaanza kupita, mwaka ule Mkurugenzi alipokwenda kwenye warsha ya Uwazi.

*

Alhamisi nikaamua kumruka mkubwa.

Ni kosa la jinai. Lakini nilikuwa nimeshaona kwamba waya unaingia ofisini kwa Mkurugenzi kupitia tundu lililo kushoto mwa mlango na kutokea kwenye tundu lililo kulia mwa mlango, na matundu yote mawili yako kwenye koridori, karibu na dari. Kipande cha waya chenye urefu wa pazia kingetosha kuunganisha huku na huku, swali likapita nje ya mlango wake bila kubisha hodi. Nikakata kipande, nikakizungusha tumboni chini ya blauzi, nikabeba kiti.

Nilikuwa nimeshapanda, na waya wa kwanza nimeshauchomoa, niliposikia viatu.

"Wewe binti, unafanya nini juu ya kiti?" Alikuwa Naibu Mkurugenzi.

Nikaurudisha ule niliouchomoa. "Nafuta vumbi, Mheshimiwa."

Akanitazama. Akatazama nyaya. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeonyeshwa jambo na Mungu.

"Vumbi! Kamati nzima haikuliona hilo! Taarifa inapita kwenye vumbi, itakimbiaje?" Akapiga makofi, milango ikafunguka. "Watumishi wote! Vitambaa!"

Tangu saa hiyo idara nzima ilikuwa koridorini, imepanda kwenye viti, inasugua nyaya, naye katikati akihesabu mapigo. Hapakuwa na sehemu ya ukuta isiyo na mkono wa mtu. Walisugua hadi jioni, na Ijumaa asubuhi wakaendelea, na mimi nikiwa kati yao, waya wangu bado tumboni.

Kila nilipogeuka nilimwona Mzee Ngoda kwenye benchi mwisho wa koridori. Alikuwa ameacha kuuliza. Nilipopita kubadilisha maji ya ndoo aliniambia tu, "Mwanangu, mnafanya kazi sana." Hakuwa ananidhihaki. Alimaanisha.

Ijumaa hiyo saa sita aliinuka. "Ngoja niende mochwari," alisema. "Nizungumze nao pale. Pengine dereva ni mtu wa kuelewa."

*

Dokta Kasembo alirudi mchana huo, amevaa beji ya warsha shingoni. Tulimpokea tumejipanga na vitambaa vyetu. Akafungua mlango, akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akakikunja mara nne, akaketi, akawasha kompyuta.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Maswali ya wiki nzima, yaliyokuwa yamerundikana kwa Naibu kama watu mlangoni pa zahanati, yalipita yote kwa pamoja, na majibu yakaanza kushuka. Mashine za kuchapisha kila chumba zikalia. Karatasi zilitoka, zikajaa, zikaanguka sakafuni. Vibali vya kuzaa, vibali vya kuoa, vibali vya kuhama. Watumishi wakashangilia. Naibu akalia machozi ya vumbi.

Nikapiga magoti nikitafuta kati ya karatasi. Nikaiona: ASUMINI BINTI FARAJI. ALIKUWA HAI. Ilikuwa bado ya moto.

Sikuomba ruhusa. Nilitoka, nikapanda bodaboda, nikamwambia mwenye pikipiki mochwari, kimbia, naye akakimbia kweli, akapanda hata njia ya waenda kwa miguu. Nilikuwa nimeishika karatasi kifuani kwa mikono miwili.

Mzee Ngoda alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji, nje ya lango. Mfuko ulikuwa wazi, na khanga moja ilikuwa imetolewa, imekunjwa mapajani mwake. Lango lilikuwa wazi. Uwanja ulikuwa mtupu, na mlinzi alikuwa anamwagia maji pale gari liliposimama.

"Baba, kibali hiki hapa."

Akakipokea. Akajifuta vidole kwenye suruali kwanza, asikichafue, kisha akasoma.

"Kumbe walimwona," alisema. "Na jina lote limo."

"Tunaweza kulifuata gari, baba. Pikipiki hii hapa."

"Lilikwenda tangu adhuhuri. Wameshamaliza. Mlinzi kaniambia wanatumia trekta." Alilainisha khanga kwa kiganja, akitoa kunyanzi ambayo haikuwepo. "Nilimuomba dereva anipishe nimfunike hii tu. Siyo kumchukua. Kumfunika tu. Akasema bila kibali mimi si mume wake."

Nikakaa kando yake kwenye ukingo wa mfereji.

"Nikamuuliza atapewa namba gani. Akasema namba wanazijua kule kule. Kwa hiyo nikienda nitasoma dua pale katikati, ifike kwa wote, na yeye akiwemo." Akakunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati. "Asante, mwanangu. Umetoka jasho. Rudi kazini wasije wakakugombeza kwa ajili yangu."

Nilimwacha kwa sababu aliniambia nimwache. Pale alipoketi aliendelea kunipungia mkono mpaka pikipiki ikakata kona.

*

Niliporudi, watumishi walikuwa kwenye foleni iliyotoka mlangoni kwa Mkurugenzi ikafika kwenye ngazi. Ilikuwa Foleni ya Pongezi. Kila mkubwa akirudi safari tunapanga foleni hiyo, kwa vyeo, tunaingia mmoja mmoja, tunamshika mkono, tunampongeza. Bi Mwasiti alinivuta mkono akaniweka nyuma yake. Alitazama macho yangu, akatazama vumbi la barabarani kwenye sketi yangu, hakuniuliza. Alininong'oneza, "Sema hongera tu, mwanangu. Sekunde moja. Halafu tutakwenda kulia chooni, mimi na wewe."

Ndani Dokta Kasembo alikuwa amesimama mbele ya meza, ametandaza mikono.

"Mmeona wenyewe! Nimekaa tu, nimegusa tu, na kila kitu kinakimbia! Hiki ndicho nilichojifunza warshani. Kasi ni uongozi!"

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Naibu, "kwa kuwafikia wananchi kwa mkupuo."

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Mkuu wa Idara, "kwa karatasi nyingi hivi."

"Hongera, Mheshimiwa," alisema Bi Mwasiti, akitazama zulia.

Kisha ikawa zamu yangu. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa laini na ya joto.

"Aha! Sikujua wetu! Binti wa mashine kupumzika! Wamenipigia makofi kule kwa maneno yako. Haya, wewe ndiye fundi. Waeleze wenzako hapa, mtandao umepona kwa sababu gani?"

Nyuma yangu kila mtu kwenye foleni alikuwa anangoja kupiga makofi. Bi Mwasiti alikuwa amesimama mlangoni, hajatoka. Nilisikia sauti yangu ikianza chini sana, Mkurugenzi akainamisha sikio ili asikie vizuri, bado akitabasamu.

"Mtandao haukuwa unaumwa, Mheshimiwa. Unapita kwenye kompyuta yako, na wewe uliizima, ukafunga mlango, ukaondoka na ufunguo. Mke wa Mzee Ngoda amefukiwa na trekta leo, mumewe hajamfunika hata khanga, na ni wewe uliyemzuia."